Sola ya Nyumbani Inalipa? Hesabu ya Nangurukuru

Hotuba ya kamati ndogo ya umeme, iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka wa Umoja

 

Tulipewa kazi moja. Wanachama walipendekeza kwamba fedha za harambee ya mwaka huu zinunue sola, seti moja kwa kila nyumba ya mzee wetu asiye na umeme. Wengi walipiga makofi. Mwenyekiti akasema kabla ya makofi kuwa azimio, watu wachache wakae wapige hesabu. Tumekaa, tumepiga, na jibu letu tunalitoa mapema ili asiwepo wa kusubiri mwisho wa hotuba: kwa nyumba iliyo karibu na nguzo ya TANESCO, sola ya kuwashia taa na televisheni hailipi. Kwa nyumba iliyo mbali na nguzo inalipa, tena vizuri, mradi iwe ndogo na awepo mtu aliyejiandaa kununua betri ya pili.

Tunajua jibu hili litawaudhi baadhi yetu. Sola kwetu ina heshima yake. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na mwaka 2004 ikaanza kwenda Dar es Salaam kuzalisha umeme. Bomba linatoka kisiwani, linapita chini ya bahari hadi Somanga, kisha linakwenda nchi kavu zaidi ya kilomita 200 hadi Ubungo. Wazee wetu waliona mabomba yakipita na taa zikiwaka mbali. Mtambo wa gesi wa Somanga ulikuja baadaye kuhudumia Kilwa na majirani zetu wa Rufiji. Katika miaka hiyo ya kungoja, aliyekuwa na paneli moja juu ya bati ndiye aliyechaji simu za mtaa mzima. Kwa hiyo mtu anaposema "tumpelekee baba sola", anazungumzia umeme na pia heshima ya nyumba. Hilo tunalielewa. Lakini heshima hiyo haijazi betri chaji.

Tuanze na nguzo, maana kila kitu kinaanzia hapo.

Serikali imetangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme. Kufikiwa kwa kijiji si kufikiwa kwa nyumba yako. Nguzo inaweza kuwa imesimama ofisi ya kijiji na zahanati, na kitongoji cha bibi yako kikawa bado gizani. Vitongoji vya Tanzania Bara ni 64,359, na kazi ya REA sasa imehamia huko, kitongoji kwa kitongoji. Swali la kwanza la kumuuliza mzazi kwenye simu kabla hujakwenda Kariakoo kuulizia bei za paneli ni hili: nguzo ya karibu iko hatua ngapi kutoka mlangoni, na je, wapimaji wamepita na vigingi?

Kama nguzo iko jirani, ndani ya mita 30, gharama ya kuunganishiwa inategemea eneo limewekwa kundi gani. Eneo la kijiji ni shilingi 27,000. Eneo linalohesabiwa mji, tangu Januari 2022, ni shilingi 320,960 kwa umeme wa njia moja. Ikihitajika nguzo moja katikati ni shilingi 515,618, na nguzo mbili ni shilingi 696,670. Sisi wa njia panda tuko mahali ambapo jambo hili lazima liulizwe nyumba kwa nyumba, kwa sababu makazi yetu yamekua kuelekea Kivinje na kuelekea barabara ya Liwale, na jirani wawili wanaweza kusomewa bei mbili tofauti. Uliza ofisi ya TANESCO kwanza. Maombi yenyewe siku hizi hufanywa kwa simu kupitia mfumo wa NIKONEKT, kwa namba ya kitambulisho cha NIDA. Kijana yeyote mwenye simu anaweza kumsaidia babu yake.

Sasa matumizi. Nyumba yenye taa tano za LED, televisheni, feni moja na simu za kuchaji hutumia kama uniti moja kwa siku, pengine pungufu. Tuiite uniti 30 kwa mwezi. Mteja mdogo wa nyumbani, yaani asiyezidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti. Ukiongeza VAT na tozo za REA na EWURA inafika shilingi 122. Zidisha: shilingi 3,660 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 43,920. Mtakumbuka kwamba kwenye LUKU hukatwa pia kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Hiyo ni kodi, si bei ya umeme. Sola haikuondolei wajibu wa kodi, kwa hiyo tumeiacha nje ya hesabu pande zote mbili.

Nyumba hiyo hiyo ukitaka iendeshwe na sola utahitaji, kwa makadirio ya kawaida ya mafundi, paneli za wati 300, betri ya ampea-saa 100 au zaidi, kontrola ya kuchaji, inveta, nyaya, vyuma vya kushikia na ufundi. Bei hubadilika kila mwezi na kila duka lina yake, kwa hiyo tunaweka mfano tu, na kila mmoja abadilishe tarakimu kwa bei atakayoikuta. Tuseme paneli shilingi 250,000, betri 400,000, kontrola 50,000, inveta 120,000, na nyaya, vyuma na fundi 130,000. Jumla ni shilingi 950,000. Mtu atasema: nalipa mara moja, baada ya hapo jua ni la Mungu, halina LUKU.

Hapo ndipo hesabu inapopotea. Paneli ni kitu cha kudumu. Iliyo ya kweli hukaa miaka 20 na zaidi, na bei yake imeshuka mno tangu mwaka 2010 kwa sababu viwanda vya China vinazalisha zaidi ya sehemu nne kwa tano za paneli za dunia nzima. Betri haiko hivyo. Betri ya risasi, hii tunayoijua sote, nzito na yenye asidi au jeli, haipendi kuzidishiwa matumizi. Ukiishusha chini ya nusu ya chaji yake kila usiku, unaiua. Ikitunzwa hufika miaka mitatu au minne. Isipotunzwa, mwaka mmoja na nusu inatosha kuigeuza kiti cha kukalia barazani. Mmeshaziona betri hizo, nyumba nyingi zinazo.

Tuseme basi betri ya shilingi 400,000 imeishi miaka minne. Maana yake betri peke yake inakugharimu shilingi 100,000 kwa mwaka, kila mwaka, uwe umeiona gharama hiyo au hukuiona. Umeme wa LUKU wa nyumba hiyo hiyo tumeona ni shilingi 43,920. Betri tu, bila paneli, bila inveta, bila fundi, inazidi LUKU mara mbili. Aliye karibu na nguzo akinunua sola ili kukwepa LUKU, anakwepa mvua kwa kuingia baharini.

Kuna betri za lithiamu, na wanachama walioko Dar wameziulizia sana. Ni nzuri zaidi, kweli. Unaweza kutumia sehemu kubwa ya chaji yake bila kuiumiza, kwa hiyo betri ya lithiamu ya ampea-saa 60 inaweza kufanya kazi ya betri ya risasi ya 100, na hudumu miaka mingi zaidi. Ikiishi miaka kumi, hesabu yake kwa mwaka inashuka chini ya ile ya risasi. Bado haishindi shilingi 122 kwa uniti. Pia fedha yake yote inatakiwa siku ya kwanza, na sokoni zimo zenye namba kubwa kwenye boksi na nguvu ndogo ndani. Ukiinyanyua betri ya risasi iliyoandikwa 100 na ukaiona nyepesi kama ya pikipiki, umeshajua. Ya lithiamu huwezi kuipima kwa mkono.

Kwa hiyo kwa wazee wetu walio karibu na nguzo, kinachowazuia kupata umeme mara nyingi si ile 27,000. Ni nyaya za ndani. Nyumba lazima isukwe na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA ndipo TANESCO waje, na kusuka nyumba ya vyumba vinne kunagharimu fedha nyingi kuliko kuunganishwa. Mzee anaambiwa umeme ni 27,000, anafurahi, kisha anatajiwa bei ya kusuka nyumba na kunyamaza. Kwa nyumba ya chumba kimoja au viwili kuna kifaa kinaitwa UMETA, yaani umeme tayari. Ni kiboksi chenye swichi, soketi na mahali pa taa, hakihitaji kusuka nyumba yote. Wengi hawajakisikia. Kukijua tu kifaa hicho kunaweza kumtoa mtu gizani kwa fedha pungufu ya bei ya paneli.

Tumemaliza upande wa nguzo. Twende kwa walio mbali nayo.

Huko mambo ni tofauti kabisa, na tunaomba waliokuwa wamenuna wafurahi kidogo. Mtu aliyeko shambani kwenye ufuta au mikorosho, au kitongoji ambacho vigingi havijapita, halinganishi sola na LUKU. Analinganisha sola na koroboi, betri za tochi, na kulipia kuchajiwa simu kwa mwenye jenereta. Mafuta ya taa lita mbili kwa mwezi, tuseme shilingi 3,000 kwa lita, ni 6,000. Simu mbili zikichajiwa mara nne kwa wiki kila moja, kwa shilingi 200, ni zaidi ya shilingi 6,000 kwa mwezi. Jumla ni kama 12,000 na ushee, na mwanga wenyewe wa koroboi ni wa kumtafuta mtoto kitandani, si wa kusomea daftari. Moshi na hatari ya moto kwenye makuti hatujavitia bei.

Nyumba kama hiyo inahitaji nini hasa? Tukapiga hesabu kwa wati-saa. Taa nne za wati tano, saa tano kila usiku, ni wati-saa 100. Simu tatu, tuseme 45. Redio 30. Televisheni ndogo ya umeme wa betri, saa nne, 80. Jumla 255. Pwani yetu tunaweza kutegemea kama saa nne na nusu za jua kali kwa siku, ukichukua wastani wa mwaka. Paneli ya wati 100 inatosha na kubaki kidogo, na betri ya ampea-saa 50 inalala bila kushushwa chini ya nusu. Hakuna inveta hapo, kila kitu kinaendeshwa kwa volti 12, na kilichopungua ni mashine moja ya kuharibika. Kwa bei za mfano wetu seti hii haizidi nusu ya ile kubwa. Inajilipa kwa kile ambacho familia ilikuwa ikitumia kwa mafuta na kuchaji simu, ndani ya miaka mitatu au karibu na hapo.

Hata hivyo miaka hiyo mitatu ndiyo umri wa betri. Familia inapoanza kusema "sasa tunakula faida", betri inaanza kuzima saa mbili usiku. Kama hakuna fedha iliyowekwa pembeni, paneli nzima kabisa inabaki juu ya bati inaangalia jua bure, na koroboi linarudi mezani. Shilingi 5,000 kwa mwezi zikiwekwa kwa miezi 36 ni shilingi 180,000. Betri ndogo inapatikana hapo. Tunasema wazi kwamba sola bila akiba ya betri ni taa ya miaka mitatu.

Wapo wanaouliza kuhusu sola za mkopo, zile za kulipia kidogo kidogo kwa simu. Utaratibu huo umefika Afrika Mashariki tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, na umewapa umeme watu wengi ambao wasingeweza kulipa fedha taslimu. Hatuupingi. Ila angalieni vitu viwili. Kwanza, mkopo huo hudai kila siku au kila wiki, na mapato ya kwetu hayaji kila siku. Mkulima wa ufuta anashika fedha baada ya mavuno, mnada ukishapita na malipo ya stakabadhi ghalani yakishaingia. Januari na Februari mfuko uko mkavu. Usipolipa, kiboksi kinajifunga, na taa zinazimwa kutoka mbali wakati jua linawaka nje. Mwenye duka au bodaboda anaumudu mkopo wa namna hii. Mkulima atafute mwenye kukubali malipo ya msimu, au mtoto wake wa mjini abebe malipo kwa jina lake. Pili, uliza ikiwa kampuni itafungwa nini kitatokea. Mobisol, kampuni ya Kijerumani iliyouza sola za mkopo Tanzania na kuanzia kazi Arusha, iliingia katika ufilisi mwaka 2019, ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa. Bahati wateja walipata mrithi. Dhamana ya miaka kadhaa ina maana kama mwenye kuitoa bado ana ofisi, na ofisi hiyo isiwe ya kusafiria siku nzima.

Sasa njia panda. Nangurukuru inaishi kwa basi linalosimama. Mabasi ya Lindi, Mtwara na Masasi yakitoka Mbagala, magari ya Masoko, malori ya Liwale, wote wanashuka na kiu. Maji baridi, juisi, soda, barafu: hii ni biashara ya mama zetu na dada zetu wengi, na friji ndiyo mtaji. Wameuliza kama friji inaweza kuhamia kwenye sola.

Friji la kugandisha la dukani hutumia kama uniti 1.2 kwa siku. Duka likihesabiwa daraja la T1, uniti ni kama shilingi 356 pamoja na kodi na tozo, kwa hiyo mwezi ni karibu shilingi 12,800 na mwaka karibu 154,000. Kwa sola utahitaji wati 400 za paneli, inveta inayohimili mshtuko wa kompresa inapowaka, maana kwa sekunde moja inavuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida, na betri ya ampea-saa 200 kwa ajili ya usiku. Betri hiyo tuseme shilingi 700,000. Igawe kwa miaka minne, ni 175,000 kwa mwaka. Tena imeshinda LUKU peke yake. Kwa bei ya umeme, jibu ni hapana.

Lakini mwenye friji hanunui umeme tu. Ananunua uhakika. Umeme ukikatika asubuhi mpaka alasiri siku ya joto la Januari, barafu yote inakuwa maji na maziwa yanaganda kwa namna nyingine. Anayepoteza bidhaa hivyo mara kadhaa kwa mwaka apige hesabu ya hasara yake, na kama inazidi bei ya betri, basi anunue. Tunamshauri aanze na betri na inveta inayochajiwa na TANESCO, bila paneli. Paneli aongeze baadaye. Na kabla ya hapo yote kuna dawa ya bei rahisi: friji lililojaa chupa za maji yaliyoganda, likiwa limefungwa na kufunikwa blanketi, hushika baridi saa nyingi sana. Mama mmoja katika kamati yetu alisema hilo halikuhitaji kamati.

Pale ambapo jua halihitaji betri, linashinda kila kitu. Mfano ni pampu ya maji. Inasukuma maji mchana, yanapanda kwenye simtanki, usiku yanashuka yenyewe. Betri yako ni lile tangi. Mwenye kisima cha bustani, au msikiti wenye kisima chake, asisite.

Tuseme neno kuhusu ufungaji, kwa sababu sola nyingi zinazolaumiwa hazikosi jua, zimefungwa vibaya. Kilwa tuko kusini ya Ikweta karibu nyuzi 9. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba jua la saa sita linapita upande wa kaskazini yetu, na humo ndimo ilimo masika, wakati mawingu ni mengi na kila mwale unahitajika. Paneli iangalie kaskazini, ilazwe kidogo, nyuzi 10 hadi 15, maji na vumbi viteremke. Fundi akiilaza kufuata bati lilivyo kwa sababu ndivyo ilivyo rahisi, mwambie ashuke arudie. Kivuli cha tawi moja la mwembe kwenye kona ya paneli kinaweza kuondoa sehemu kubwa ya nguvu ya paneli nzima, si ya kona peke yake. Mnazi unakua, ufikirie ulivyo leo na utakavyokuwa. Vumbi la barabara ya Liwale linahitaji kitambaa na maji ya kawaida mapema asubuhi, kila wiki mbili za kiangazi. Nyaya nyembamba zinakula umeme njiani. Betri ikae ndani penye hewa na pasipo joto, mbali na jiko na mbali na kitanda. Walioko Kivinje na Masoko wana chumvi ya bahari pia, kwa hiyo vyuma na viungo vipakwe mafuta.

Na vifungwe kwa bolti. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, mvua ilikata barabara kuu maeneo ya Somanga na kwa siku kadhaa kusini yote ikatengana na Dar es Salaam. Siku kama hizo, aliye na taa yake mwenyewe alionekana mwenye akili, na aliyeharibikiwa na kontrola alingoja barabara ndipo aletewe nyingine. Hapo ndipo tulipofikia jambo ambalo kamati inaliona kubwa kuliko bei zote tulizozitaja.

Hatuna fundi. Tunao mafundi wa majumba, wa pikipiki, wa simu. Wa sola, anayeweza kupima betri na kusema "hii imekufa" au "hii inakosa maji tu", tunamtafuta. Asipopatikana, fyuzi ya shilingi chache inaifanya seti nzima itupwe. Wala kumpata si ndoto. Wanawake wa vijijini kutoka mikoa yetu miwili, Lindi na Mtwara, waliwahi kupelekwa India, kijiji cha Tilonia jimbo la Rajasthan, kwenye chuo cha Barefoot, wakakaa miezi sita wakijifunza kuunga na kutengeneza vifaa vya sola. Wengi wa wanaofundishwa pale hawakusoma sana, baadhi hawakusoma kabisa. Walifundishwa kwa rangi za nyaya, ishara na mikono. Waliteuliwa kina mama na mabibi kwa sababu iliyo wazi: kijana ukimpa cheti anapanda basi la Dar, bibi anarudi kijijini kwake. Chuo hicho baadaye kilifungua kituo Kinyasini, Unguja. Kama mama wa Mtwara vijijini ameweza, wa Nangurukuru ataweza.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, kamati haipendekezi kununua seti ya sola kwa kila mzee. Tunapendekeza fedha za harambee zigawanywe hivi. Sehemu kubwa iende kwa wazee, wajane na wagonjwa walio karibu na nguzo, kuwalipia kuunganishwa na ama kusuka nyumba au kuwapatia UMETA. Viongozi wa vitongoji watuletee majina, na majina yasomwe hadharani msikitini na kanisani kabla ya kulipwa, ili jirani aseme kama kuna aliyesahaulika au aliyejipenyeza. Sehemu ya pili isomeshe watu wawili ufundi wa umeme wa jua, angalau mmoja mwanamke mwenye makazi yake nyumbani, na iwanunulie mita ya kupimia na vifaa. Watasaini kufanya kazi hapa miaka mitatu. Sehemu ya tatu, iliyo ndogo, iwe mfuko wa betri. Familia iliyo mbali na nguzo inanunua sola yake yenyewe, ndogo kama tulivyoieleza, kisha inaweka shilingi 5,000 kwa mwezi kwa mweka hazina, au 60,000 kwa mkupuo baada ya mauzo ya ufuta. Betri ikifa kabla akiba haijatimia, mfuko unaikopesha kilichopungua, bila riba.

Tumeulizwa kwa nini mfuko usitoe betri bure. Kwa sababu betri ya bure haina anayeilinda. Televisheni itawashwa mpaka alfajiri. Hilo lilibishaniwa sana katika kamati, na wawili kati yetu bado hawakubaliani nalo. Mkutano uamue.

Kwa mwanachama mmoja mmoja, mwenye mzazi gizani, tunaomba kabla ya kutuma fedha ampigie simu na kumuuliza ile habari ya hatua hadi kwenye nguzo. Kama ni chache, mfanyie maombi ya TANESCO. Kama vigingi vimepita lakini nguzo bado, mnunulie taa ndogo ya sola ya mkononi ya kusubiria, basi. Kama hakuna dalili ya nguzo, mnunulie seti ndogo, yenye alama ya ubora ya TBS na risiti, na siku hiyo hiyo anza kuweka ya betri.

Fomu za ahadi ziko kwa mweka hazina, meza ya kushoto. Zina mistari mitatu kulingana na sehemu tulizozitaja, na kila mtu aandike fedha yake iende wapi. Asiyependa kuchagua aache wazi, kamati kuu itagawa. Orodha ya waliotoa na ya waliosaidiwa itachapishwa katika kijitabu cha mwakani, pamoja na risiti za TANESCO.

Tuko tayari kwa maswali.